Mgeni njoo, mwenyeji apone: Lakini ni nani anayemwandaa muuguzi wetu?

Na Mwandishi Wetu

WAUGUZI 10 kati ya 300. Takwimu hiyo ilizua gumzo kote nchini mnamo Oktoba 2021, baada ya Wizara ya Afya kufichua kwamba idadi hiyo ndogo ndiyo iliyofaulu mtihani wa Kiingereza uliohitajika ili Wakenya wapate kazi katika hospitali za Uingereza.

Kejeli zilifuata papo hapo. Wengi waliuliza iweje watu waliosomeshwa kwa Kiingereza tangu shule ya msingi, wakatahiniwa kwa Kiingereza katika vyuo vya uuguzi, na ambao hujaza faili za wagonjwa kwa lugha hiyo kila siku, washindwe na mtihani wa lugha hiyo hiyo.

Mjadala huo ulikuwa mkali, lakini ulishika dogo na kuacha kubwa. Uliuchukulia mtihani kana kwamba ndio ukuta wa pekee kati ya muuguzi na maisha mema, na kwamba aliyeuruka amekwisha kufika.

Yaliyowakuta waliotangulia yanaonyesha vinginevyo. Kwa muuguzi anayehamia nchi nyingine, mtihani wa lugha ni kilima cha kwanza tu. Mlima wenyewe huanza wodini, pale mtu aliyehudumu kwa miaka 10 au 15 anapojikuta amekuwa mwanagenzi upya, mbele ya watu wasiojua aliyoyafanya kwao.

Hapo ndipo penye udhaifu wa mipango yetu. Mazungumzo kuhusu mikataba ya kupeleka wauguzi ng'ambo hutawaliwa na idadi ya watakaosafiri na fedha watakazotuma nyumbani. Namna ya kuwaandaa kwa kazi watakayoikuta, na namna ya kuulinda ujuzi wanaoondoka nao, ni mambo yasiyopewa uzito unaostahili.

Mahitaji makubwa duniani

Itakumbukwa kuwa mkataba wa Kenya na Uingereza kuhusu wahudumu wa afya ulitiwa saini Julai 2021, wakati wa ziara ya Rais wa wakati huo, Uhuru Kenyatta, nchini Uingereza. Lengo lilielezwa kuwa ni kuwapa nafasi wauguzi wa Kenya waliohitimu lakini hawakuwa na ajira.

Miezi michache baadaye, Novemba mwaka huo, Uingereza iliiweka Kenya katika kundi la nchi ambazo waajiri wa huko hawaruhusiwi kuchukua wauguzi wake ila kupitia utaratibu uliokubaliwa na serikali hizo mbili. Makundi ya kwanza chini ya mpango huo yaliondoka mwaka 2022.

Septemba 2024, Kenya ilitia saini jijini Berlin mkataba mwingine, mara hii na Ujerumani, unaohusu wafanyakazi wenye ujuzi. Huko nako hospitali na nyumba za kutunzia wazee zinahitaji mikono mingi.

Haja yenyewe si ya kubuni. Kwa mujibu wa ripoti ya Shirika la Afya Duniani, WHO, iliyotolewa mwaka 2025, dunia ilikuwa na wauguzi milioni 29.8 mwaka 2023, na bado ilipungukiwa na wengine milioni 5.8. Muuguzi mmoja kati ya kila saba alikuwa akifanya kazi katika nchi ambayo hakuzaliwa.

Nchini Uingereza, orodha ya Baraza la Wauguzi na Wakunga ilikuwa na zaidi ya watu 850,000 kufikia Machi 2025. Karibu robo yao walisomea nje ya nchi hiyo, wengi wakiwa wametoka India, Ufilipino na Nigeria. Kwa maneno mengine, hospitali za huko haziwezi kufungua milango yake asubuhi bila wageni.

Mitihani mitatu

Tuuangalie kwanza huo mtihani wa lugha. Anayefanya mtihani wa IELTS hutakiwa kupata alama 7 katika kusoma, kusikiliza na kuzungumza, na alama 6.5 katika kuandika. Hadi mwishoni mwa mwaka 2018, hata kuandika kulihitaji alama 7. Tangu mwaka 2017, mwombaji anaweza pia kuchagua mtihani wa OET, ambao maswali yake yanahusu kazi za afya.

Mitihani hii haipimi kama mtu anajua kumhudumia mgonjwa. Hupima pia uwezo wa kupanga hoja kwenye karatasi kwa dakika zilizohesabiwa, kuhusu mada ambayo huenda mtahiniwa hakuwahi kuifikiria. Muuguzi aliyemaliza chuo miaka 12 iliyopita, ambaye kila siku huandika sentensi fupi fupi za ripoti ya zamu, anaweza kuikosa alama kwa nusu tu ilhali hakuna daktari aliyewahi kushindwa kumwelewa.

Baraza la Uingereza lenyewe lililiona jambo hilo. Februari 2023 lililegeza kanuni na kukubali kwamba mwombaji aliyekosa alama kidogo tu, na ambaye tayari anafanya kazi nchini humo katika huduma za afya, anaweza kuthibitishiwa lugha yake na mwajiri.

Baada ya lugha huja mtihani wa kompyuta, ambao huweza kufanywa kabla ya kusafiri. Kisha, akiwa amekwisha kufika Uingereza, muuguzi hukabiliwa na mtihani wa vitendo uitwao OSCE, ambao ada yake imekuwa pauni 794. Mara nyingi mwajiri hulipa, lakini hadi mtihani huo upite, muuguzi si muuguzi. Huvaa sare ya msaidizi na hulipwa mshahara wa ngazi ya chini.

Mtihani huo una vituo 10. Mtahiniwa hutoka kimoja hadi kingine akipima mgonjwa wa kuigiza, akipanga huduma, akitoa dawa, akifunga kidonda na kuandika ripoti, huku msimamizi akiweka alama kwa kila hatua.

Wanaoanguka si lazima wawe hawajui kazi. Mwenye uzoefu hufanya mambo mengi kimoyomoyo. Hutazama mgonjwa anavyopumua wakati akimfunga mkono kupima shinikizo la damu, na huangalia jina kwenye faili bila kulisoma kwa sauti. Mbele ya msimamizi, hatua isiyoonekana wala kusikika huhesabiwa kuwa haikufanyika. Kusahau kumuuliza mgonjwa kama kuna dawa inayomdhuru, au kutothibitisha jina na tarehe ya kuzaliwa, kunaweza kuiangusha kazi yote iliyobaki.

Mkunga asiyeruhusiwa kuzalisha

Muuguzi wetu amefaulu yote hayo. Amepata namba ya usajili na amevaa sare kamili. Hapa ndipo linapoanza jambo ambalo halikutajwa wakati wa kuagana kwenye uwanja wa ndege.

Nchini Kenya, muuguzi wa jamii aliyesajiliwa husomea uuguzi wa jumla, ukunga, afya ya jamii na hata uuguzi wa wagonjwa wa akili katika mafunzo hayo hayo. Katika zahanati ya mashambani, usiku, mara nyingi yeye ndiye daktari, ndiye mkunga na ndiye mtunza dawa. Huzalisha, hushona, hutafuta mshipa wa mtoto aliyeishiwa maji mwilini, na huamua nani akimbizwe katika hospitali ya kaunti na nani asubiri kukuche.

Uingereza imegawa kazi hiyo vipande. Muuguzi husajiliwa kwa wagonjwa watu wazima, au watoto, au wagonjwa wa akili, au watu wenye ulemavu wa kujifunza. Ukunga ni taaluma nyingine kabisa, yenye orodha yake na mtihani wake.

Matokeo ni kwamba mwanamke aliyepokea mamia ya watoto kwa mikono yake katika hospitali ya wilaya anaweza kusajiliwa kuwa muuguzi wa watu wazima, na kuanzia siku hiyo haruhusiwi kumzalisha mtu yeyote.

Hata kazi ndogo zaidi hupitia mlango huo huo. Katika hospitali nyingi za huko, muuguzi mgeni hawezi kuingiza kanula kwenye mshipa wala kutoa dawa kwa njia ya dripu hadi apitie mafunzo ya hospitali hiyo na kutiwa saini kuwa ameiweza kazi. Mafunzo hayo yanaweza kuchelewa kwa wiki au miezi, kutegemea nafasi na moyo wa msimamizi wa wodi. Wakati huo wote, aliyekuwa akiitwa wenzake wanaposhindwa kuupata mshipa husimama kando akimsubiri mwenzake mdogo kwa umri aje afanye.

Mshahara nao hufuata mkondo huo. Tangu mwaka 2004, Huduma ya Taifa ya Afya ya Uingereza, maarufu kama NHS, hupanga wafanyakazi wake katika madaraja. Muuguzi anayeanza huwekwa daraja la tano, ambalo nchini England mshahara wake wa kuanzia ulikuwa zaidi kidogo ya pauni 31,000 kwa mwaka katika mwaka wa fedha wa 2025/26.

Wageni wengi huanzia hapo hapo, pamoja na vijana waliohitimu mwezi uliopita, hata kama huko walikotoka walikuwa wakisimamia wodi nzima. Kwa anayepiga hesabu za shilingi, fedha hizo ni nyingi. Kwa anayelipa kodi ya nyumba, nauli na umeme wa majira ya baridi katika mji wa Kiingereza, hesabu hubadilika upesi.

Si jambo jipya. NHS ilipozaliwa Julai 1948, ilitegemea wasichana kutoka visiwa vya Karibea na kwingineko katika makoloni. Wengi wao walielekezwa kwenye mafunzo ya daraja la pili, ambayo hayakutambuliwa katika nchi nyingi walizotoka. Walipotaka kurudi kwao, waligundua kuwa cheti walichokitolea jasho hakina thamani huko. Zaidi ya nusu karne baadaye, sheria zimebadilika na mitihani ni ya haki zaidi, lakini mazoea ya kumpokea mgeni kwa kumshusha ngazi hayajaisha.

Kazi moja, desturi mbili

Changamoto nyingine haiandikwi katika kanuni yoyote. Ni desturi.

Katika hospitali zetu za umma, jamaa wa mgonjwa ni sehemu ya huduma. Huja na uji kwenye chupa, humlisha mgonjwa, humwogesha na kumgeuza kitandani. Muuguzi mmoja mwenye wagonjwa 30 au zaidi hawezi kuyafanya hayo peke yake. Uingereza, kumwogesha mgonjwa, kumlisha na kumpeleka msalani ni kazi ya muuguzi na wasaidizi wake. Baadhi ya wageni huona kama wameshushwa hadhi, hadi wanapotambua kwamba huko ngozi ya mgonjwa hukaguliwa wakati wa kuoga, na kwamba kidonda cha kulalia kikipatikana, muuguzi ndiye wa kwanza kuulizwa.

Kuna suala la heshima. Kijana aliyelelewa Kenya humwita mtu mzima Mzee au Mama, na hujifunza kutomkodolea macho anapozungumza naye. Katika wodi za Uingereza, kukwepa macho ya mgonjwa hufasiriwa kuwa ni kutojiamini au kuficha jambo. Muuguzi hutakiwa kujitambulisha kwa jina, kueleza cheo chake, na kumuuliza mgonjwa angependa aitweje. Bibi wa miaka 85 anaweza kujibu kwamba aitwe kwa jina lake la kwanza, bila chochote mbele yake. Ulimi huwa mzito.

Desturi ya kujitambulisha ilipata nguvu mwaka 2013, pale daktari Kate Granger, aliyekuwa akiugua saratani, alipoanzisha kampeni baada ya kuona kwamba wengi waliomhudumia hawakumwambia hata majina yao. Alifariki mwaka 2016, lakini leo kutojitambulisha huweza kumkosesha mtahiniwa alama.

Kuna pia suala la siri. Kwetu, mtoto wa mgonjwa akipiga simu wodini kuuliza hali ya babake, muuguzi humjibu, na asipomjibu ataonekana hana utu. Uingereza, kumweleza mtoto huyo bila ridhaa ya mgonjwa ni kosa linaloweza kumfikisha muuguzi mbele ya baraza. England na Wales zina sheria ya mwaka 2005 inayosema kwamba mtu mzima huchukuliwa kuwa anaweza kujiamulia hadi ithibitishwe vinginevyo. Mgonjwa akikataa dawa akiwa na akili zake timamu, si mwanawe wala mchungaji wake anayeweza kumshurutisha.

Muuguzi aliyezoea kuzungumza na ukoo mzima kabla ya upasuaji hulazimika kujifunza kuzungumza na mtu mmoja.

Na kuna suala la kumkabili daktari. Hospitali za Uingereza hutumia mfumo wa alama uitwao NEWS2, uliotolewa mwaka 2017, unaojumlisha vipimo vya kupumua, oksijeni, mapigo ya moyo, shinikizo la damu, joto na fahamu. Jumla ikifika 7, muuguzi hutakiwa kuita msaada wa dharura, hata kama daktari alipita dakika 10 zilizopita na kusema mgonjwa yuko salama. Anayetoka katika utamaduni ambamo neno la daktari ndilo la mwisho huweza kusitasita. Kusitasita huko hakutokani na ujinga, lakini gharama yake inaweza kuwa uhai wa mtu.

Kiingereza kisichofundishwa darasani

Hata lugha aliyoithibitisha kwa cheti humgeuka. Mgonjwa mzee akimwambia muuguzi kuwa anataka kwenda kutumia senti moja, hatafuti duka. Anataka kwenda haja ndogo, na msemo huo umebaki tangu enzi za vyoo vya umma vilivyofunguliwa kwa sarafu. Neno ambalo shuleni tulifundishwa kuwa maana yake ni kufanya jambo vibaya, huko hutumiwa na watu wa kawaida kumaanisha kuwa mtu ni mgonjwa.

Ongeza lafudhi za Glasgow, Liverpool au Newcastle, simu inayokwaruza, na mgonjwa asiye na meno. Aliyepata alama 8 katika kusikiliza huomba kurudiwa mara tatu. Kila anaporudia kuuliza, kuna wanaoanza kutilia shaka ujuzi wake, si masikio yake.

Shaka hiyo ina mbolea nyingine. Mwaka 2023, Baraza la Uingereza lilitangaza kugundua matokeo yasiyo ya kawaida katika kituo kimoja cha mtihani wa kompyuta mjini Ibadan, Nigeria, na mamia ya watu wakaingia katika uchunguzi wa udanganyifu. Baraza lilikuwa na haki ya kuchunguza. Lakini kivuli cha kisa hicho kiliwaangukia pia maelfu ya Waafrika ambao hawakuwahi kukanyaga kituo hicho.

Takwimu za NHS yenyewe hazifichi tofauti zilizopo. Tangu mwaka 2015, hospitali za England hulazimika kuripoti jinsi zinavyowatendea wafanyakazi wa asili mbalimbali. Mwaka baada ya mwaka, ripoti hizo zimeonyesha kuwa wafanyakazi weusi na wa asili ya Asia hukumbana zaidi na ubaguzi kazini, na kwamba wakiomba kazi, nafasi yao ya kuchaguliwa ni ndogo kuliko ya wenzao weupe.

Mikataba yenye minyororo

Muuguzi anayeona amekosewa angeweza kuhama. Lakini baadhi ya mikataba ya ajira humtaka anayeacha kazi kabla ya muda fulani arejeshe gharama za kumleta, na kuna waliodaiwa maelfu ya pauni. Malalamiko yalipozidi, serikali ya Uingereza iliingiza katika kanuni zake za uajiri, mwaka 2022, masharti kwamba madai hayo yawe wazi tangu mwanzo, yalingane na gharama halisi na yapungue kadiri muda unavyokwenda.

Viza nayo imefungamana na mwajiri. Akipoteza kazi, muuguzi huwa na muda mfupi wa kupata mwingine au kuondoka nchini. Katika hali hiyo, wachache huthubutu kupaza sauti.

Nyuma yake kuna nyumbani. Benki Kuu ya Kenya ilirekodi takriban dola bilioni 4.9 zilizotumwa na Wakenya walio ng'ambo mwaka 2024. Nyuma ya takwimu hiyo kuna karo, kuna mazishi, kuna ploti iliyoanza kujengwa na kuna ujumbe wa simu unaoingia saa 9 usiku wakati mtu yuko zamu. Wengi huongeza zamu juu ya zamu za saa 12, katika majira ambayo jua huzama kabla ya saa 11 jioni, na hawamwambii yeyote nyumbani kwamba wamechoka.

Wakati huo huo upepo wa siasa umegeuka. Wageni waliojiunga na orodha ya Uingereza walikuwa karibu 30,000 katika mwaka ulioishia Machi 2024. Mwaka uliofuata walishuka hadi takriban 20,000. Mei 2025, serikali ya London ilitangaza nia ya kurefusha kutoka miaka mitano hadi 10 muda ambao wahamiaji wengi watalazimika kusubiri kabla ya kuomba ukazi wa kudumu. Julai mwaka huo ilisema inataka, ifikapo mwaka 2035, chini ya asilimia 10 ya wanaoajiriwa katika NHS watoke nje.

Aliyeuza shamba ili alipie mitihani anapaswa kuyajua hayo kabla ya kuuza.

Hoja ya upande wa pili

Haitakuwa haki kudai kwamba masharti haya yote ni hila. Mgonjwa wa Uingereza ana haki ya kuhudumiwa na mtu ambaye ujuzi wake umethibitishwa, kama alivyo na haki hiyo mgonjwa wa Kisumu au Voi. Kenya yenyewe haimruhusu muuguzi aliyesomea ng'ambo kushika kazi kabla Baraza la Wauguzi la Kenya halijakagua vyeti vyake na kumsajili.

Aidha, ziko hospitali zilizojitahidi. Mwaka 2022, NHS ilianza kutoa tuzo kwa hospitali zinazowapokea wageni vyema: zinazowalaki uwanja wa ndege, kuwatafutia makazi, kuwaelekeza benki na kuwapa mwenzao mzoefu wa kuwashika mkono. Wauguzi wa Kenya walio huko nao wana chama chao kinachosaidia wanaofika.

Tofauti kati ya hospitali moja na nyingine ndiyo inayothibitisha hoja. Muuguzi ni yule yule, mtihani ni ule ule. Kinachotofautiana ni maandalizi na mapokezi, na hayo hayapaswi kuachiwa bahati.

Nini kifanyike

Kwanza, maandalizi yaanze hapa nyumbani. Kabla ya kusafiri, muuguzi apitishwe katika mafunzo yatakayoendeshwa na waliowahi kufanya kazi huko na kurudi. Yasiishie kwenye Kiingereza cha mtihani. Yaguse ridhaa ya mgonjwa, siri zake, uandishi wa ripoti, namna ya kumkabili daktari, na hata ile senti moja.

Pili, mikataba itaje ujuzi, si vichwa. Serikali inapoketi mezani, idai kuwapo kwa muda maalumu ambao hospitali itapaswa kumpima muuguzi katika kazi alizokuwa akizifanya, ili aruhusiwe kuzifanya. Uzoefu wake uhesabiwe katika kumpangia daraja. Nakala ya mkataba wa ajira, pamoja na kila dai la kurejesha gharama, aipate na kuielewa akiwa bado Nairobi.

Tatu, njia ya kurudi iwekwe wazi. Kanuni za WHO kuhusu kuajiri wahudumu wa afya kimataifa, zilizopitishwa Mei 2010, zinataka uhamiaji huu uzinufaishe pia nchi wanakotoka. Muuguzi aliyefanya kazi miaka sita katika wodi ya wagonjwa mahututi huko Uingereza ni hazina. Lakini akirudi, kaunti haina nafasi inayomfaa, na huenda akaanza upya kwa mara ya pili maishani.

Hilo linatupeleka kwenye swali ambalo halipendezi. Kenya inaruhusu wauguzi waondoke kwa kuwa hawana ajira, ilhali wodi zake hazina wauguzi wa kutosha. Wauguzi si wengi kupita kiasi. Kilichopungua ni fedha za kuwaajiri. Mgomo wa mwaka 2017, uliodumu karibu miezi mitano, ulionyesha jinsi mambo yalivyoharibika kati ya wauguzi na waajiri wao katika kaunti. Taifa lisiloweza kumthamini muuguzi wake nyumbani litapata wapi sauti ya kudai athaminiwe ugenini?

Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Kwa wauguzi methali hii imetimia neno kwa neno: wamekwenda, na wenyeji wamepona. Wale 10 waliofaulu mwaka 2021, na wale 290 waliochekwa, wote walikuwa watu wanaojua kumtunza mgonjwa. Kabla ya kutia saini mkataba mwingine, serikali iwajulie hali wale waliokwisha kwenda.